Boti moja, kaya 30: mchango wetu uende wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha marafiki tuliosoma pamoja. Tumechangishana kwa muda mrefu ili kuzisaidia kaya 30 maskini za kijiji kimoja cha wavuvi. Wengi wetu wanataka tununue boti ya faiba yenye mashine na nyavu mpya, tuikabidhi kijiji, tupige picha na kuandika jina la kikundi ubavuni. Wachache wanasema hizo ni pesa za kutupa baharini. Fundi wa boti anasubiri malipo ya kwanza. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, mtunza hazina. Mwambie fundi asubiri. Boti si kitu kibaya, ila hamjajua mnamnunulia nani, na hesabu ya boti ina mitego ambayo haionekani mkiwa kwenye kikao.

Tuipige hiyo hesabu. Boti ya aina mnayoifikiria huenda baharini na nahodha na mabaharia watano hivi. Chukua safari moja iliyoleta samaki wa thamani ya 100, kwa fedha yoyote upendayo. Kwanza hutolewa mafuta, barafu, chambo na chakula cha safari, tuseme 40. Inabaki 60. Fukwe nyingi hugawana kinachobaki kwa mafungu: boti ina fungu lake, mashine lake, nyavu lake, na watu wana lao. Mgao hutofautiana, lakini tuchukulie vyombo vimekula nusu na watu nusu. Watu sita wanagawana 30, kila mmoja anakwenda kwake na 5. Ile 30 ya vyombo anaipokea nani? Mkijibu "kijiji", mmejibu kwamba ataipokea mwenyekiti, au yeyote anayekaa na ufunguo wa stoo. Na kaya 24 ambazo hazina mtu ndani ya boti zitapata nini? Zitasimama ufukweni kutazama.

Hiyo ni siku ya neema. Siku boti ikirudi tupu, ile 40 ya gharama imeshatumika na lazima mtu aibebe. Mvuvi wa mtumbwi wa makasia akikosa amepoteza jasho la siku moja. Mvuvi wa mashine akikosa analala na deni la mafuta.

Kuna jambo la pili, nalo ni samaki wenyewe. Kwa takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1974 asilimia 10 ya akiba za samaki, yaani makundi ya samaki wa aina moja katika eneo moja la maji, zilizopimwa duniani zilikuwa zikivuliwa kupita uwezo wake wa kuzaliana. Mwaka 2021 zilifika asilimia 37.7. Maji ya karibu na pwani, wanakovua maskini, mara nyingi ndiyo yaliyochoka zaidi, kwa sababu kila mwenye mtumbwi anayafikia. Boti mpya ikiingia humo haileti samaki wapya. Inawahi wale ambao jirani angewavua kesho. Ikiwa boti yenu itakwenda mbali zaidi, nje ya miamba, hapo kuna hoja. Lakini bahari ya mbali inataka nahodha anayeijua, vifaa vya kuokoa maisha na mafuta mengi, yaani ile 40 inapanda hadi 50 au 60.

Haya yalikwisha kuonekana kwa ukubwa wa kutisha. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, boti ndicho kitu ambacho kila mfadhili alitaka kupeleka Aceh nchini Indonesia, Sri Lanka na kusini mwa India. Boti inahesabika, na inapendeza pichani. Hasara ilikuwa kubwa kweli na watu walihitaji vyombo. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla fukwe kadhaa hazijawa na boti ndogo nyingi kuliko kabla ya maafa, na FAO ikabidi itoe tahadhari juu ya wingi huo. Nyingine ziliundwa harakaharaka, zikawa hazifai kwenda baharini. Kuna mabaharia waliogawiwa boti wakageuka manahodha siku hiyohiyo, na manahodha wa zamani wakakosa watu wa kwenda nao.

Sasa nikuulize: kati ya kaya hizo 30, maskini hasa ni akina nani? Usikubali kujibiwa "wavuvi wote". Mwenye mtumbwi na nyavu zake hayuko sawa na baharia anayeishi kwa fungu lake, na baharia hayuko sawa na mjane anayenunua samaki wa mkopo asubuhi, akawakaanga, akalipa deni jioni na kubaki na chenji. Chini zaidi kuna wanaotembea kwa miguu juu ya miamba maji yakikupwa, wanatafuta pweza na chaza kwa fimbo na chuma chenye ncha. Hao wengi wao ni wanawake, na orodha za miradi huwaruka kwa sababu hawana chombo, kwa hiyo hawaitwi wavuvi. Utafiti mkubwa wa uvuvi mdogo duniani uliotolewa mwaka 2023 na FAO, Chuo Kikuu cha Duke na WorldFish ulikadiria kwamba karibu watu 4 kati ya 10 wanaoshiriki uvuvi huo, kuanzia kuvua hadi kuuza, ni wanawake. Mradi wa boti na nyavu umewapita kabla haujaanza.

Halafu yupo tajiri. Ninaposema tajiri namaanisha yule wavuvi wanayemwita hivyo: mtu anayewapa nyavu kwa mkopo, anayelipia matengenezo ya mashine, anayewapa chakula bahari ikichafuka, na ambaye kwa malipo ya hayo yote ana haki ya kununua samaki wao wote kwa bei anayoisema yeye. Wafadhili humchukia wakishamjua, na sababu wanazo. Bei yake huwa chini ya bei ya mnada, na deni lake halina daftari ambalo mvuvi anaweza kulisoma. Lakini kabla hamjaamua kumkwepa, uliza pale kijijini ni nani mwingine anayefungua mlango saa nane za usiku mtoto akizidiwa. Tajiri ni benki, ni bima na ni duka. Mradi unaogawa nyavu ili "kuwakomboa wavuvi" umechukua kazi yake moja tu na kuziacha nyingine zote wazi. Nyavu za nailoni zina umri wake: zinakwama kwenye matumbawe, zinatoboka, zinaibwa. Siku zikiisha, mfadhili ameshaondoka, na mvuvi anarudi mlango uleule akiwa na uso wa aibu na masharti magumu kuliko ya mwanzo.

Kwa hiyo, kama mnataka kugusa umaskini wa pale, gusa deni. Njia ya kwanza ni kikundi cha kuweka na kukopa, kile kinachoitwa kikoba mahali pengi. Mfumo wa sasa wa vikundi hivyo ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukaenea kwa sababu hauhitaji fedha ya nje: watu 15 hadi 25 wanaofahamiana, kasha lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hesabu inasomwa mbele ya wote. Mchango wenu hapo ni kumlipa mwalimu wa kuwafundisha na kununua makasha na daftari. Msitie fedha zenu ndani ya kasha. Nimeona vikundi vilivyotunza senti zao wenyewe kwa ukali wa ajabu vikalegea mara tu fedha ya mgeni ilipoingia, maana ya mgeni haimuumi mtu. Kwa wavuvi, ongezeni sharti moja: mgao wa mwisho wa mzunguko, pale wanachama wanapogawana walichoweka, upangwe uangukie mwanzo wa msimu wa bahari mbaya, wakati ambao tajiri ndiye angetafutwa.

Njia ya pili ni nzito zaidi, na sidhani kikundi cha marafiki kinaiweza peke yake, ila ijue. Kusini mwa India kuna shirikisho la vyama vya wavuvi wadogo, SIFFS, lililoundwa mwaka 1980. Kila kijiji kina chama chake, na chama ndicho kinachonadi samaki wa wanachama palepale ufukweni. Katika kila mauzo hukatwa asilimia fulani kulipia mkopo na nyingine kwenda kwenye akiba. Ukipata samaki unalipa. Usipopata, siku hiyo hudaiwi. Linganisha na mkopo wa kawaida unaotaka kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi, kana kwamba bahari inalipa mshahara. Mkikutana na mradi wowote unaowakopesha wavuvi kwa marejesho ya kila mwezi yasiyobadilika, kaeni mbali nao.

Tuje kwenye barafu, maana hapa ndipo ningepeleka sehemu kubwa ya fedha yenu kama ningekuwa mmoja wenu.

Mvuvi asiye na barafu anauza kwa saa. Akifika nchi kavu saa mbili asubuhi, mchuuzi anajua kwamba saa sita samaki yule hataki kuangaliwa, naye anasubiri tu. Samaki wa maji ya joto akiwekwa kwenye barafu vizuri anaweza kukaa wiki mbili, wengine zaidi. Mwenye barafu anaweza kuikataa bei ya kwanza. Hiyo nguvu ya kukataa ina thamani kuliko samaki wa ziada ambaye mashine ingemfuata.

Lakini "vizuri" hapo ina maana yake. Kasha liwe na ukuta wa povu katikati, mfuniko unaobana, na tundu dogo chini la kutolea maji yanayoyeyuka, kwa kuwa samaki anayelowa kwenye maji yake ya damu anaharibika hata akiwa baridi. Barafu isagwe: mabonge makubwa yana pembe zinazochubua ngozi na huacha nafasi za hewa ambamo samaki hapoi. Tabaka la barafu chini, tabaka la samaki, barafu tena, hadi juu, na juu kabisa iwe barafu. Katika joto, kadirieni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Anayetia barafu ya kupambia juu ananunua maji tu. Maji ya kutengenezea barafu yawe safi ya kunywa. Na kazi ianze ndani ya chombo, palepale samaki anapotolewa kwenye ndoana, hasa jodari na vibua: wakikaa kwenye joto nyama yao hutengeneza histamini, sumu ambayo haiishi hata ukiichemsha, na mlaji hutokwa na vipele na kuumwa kichwa. Mteja aliyeumwa mara moja harudi.

Msikimbilie kujenga kiwanda cha barafu, wala jokofu kubwa la kugandishia. Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa siku chache, kikasimama, kwa kuwa gharama ya kugandisha na ya maji safi ilizidi faida ya samaki. Baadaye ghuba ya Ferguson, iliyokuwa tegemeo la uvuvi ule, ikakauka maji ya ziwa yalipopungua. Ninyi anzeni na makasha, na makubaliano na mtu ambaye tayari anauza barafu mjini. Kama barafu haifiki kijijini kwa bei ambayo mvuvi ataendelea kuilipa bila ninyi, mmeshajua, na mmejua kwa bei nafuu.

Pamoja na barafu iende habari ya bei. Mchumi Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa dagaa huko Kerala, India, kati ya mwaka 1997 na 2001, simu za mkononi zilipokuwa zinaingia. Kabla ya simu, boti zilirundikana soko moja hadi samaki wakamwagwa, huku soko la jirani wanunuzi wakikosa. Samaki waliopotea walikuwa asilimia 5 hadi 8 ya waliovuliwa. Simu zilipofika upotevu huo ulikaribia kwisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8, na bei ya mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Hakuna hata wavu mmoja ulioongezwa, na wala hakukuwa na mfadhili. Siku hizi simu karibu kila mtu anayo, lakini uliza kama wavuvi wenu wanajua bei ya mnada wa pili na wa tatu kabla ya kugeuza chombo, na kama deni linawaruhusu kwenda huko.

Kwa kina mama wanaobanika na kukausha, kuna matanuri bora. Tanuri la Chorkor, lenye jina la kitongoji cha wavuvi jijini Accra, limetumika miaka mingi Afrika Magharibi. Lililofuata, la FTT-Thiaroye, lilianza kutengenezwa mwaka 2008 na FAO pamoja na kituo cha mafunzo cha Thiaroye, Senegal. Linakula kuni kidogo, mafuta ya samaki hayadondokei motoni, na moshi haumwingii mpikaji machoni na kifuani kama kwenye pipa la kubanikia. Kabla ya kujenga, waacheni wanawake wenyewe waamue likae wapi na liwe la nani. Tanuri la "kikundi" lililojengwa kwenye kiwanja cha mtu mmoja ni tanuri la mtu huyo.

Kuna msaada mwingine ambao hauna kifaa cha kukabidhi, kwa hiyo wafadhili wadogo hawaufikirii. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, wakishirikiana na shirika la Blue Ventures, walifunga sehemu ya mwamba wao wa pweza kwa miezi kadhaa. Pweza wa huko hukua upesi mno, kwa hiyo miezi michache ina maana kwake. Vijiji vingine viliiga. Uchambuzi wa kufungwa mara 36 katika miaka 8, uliochapishwa mwaka 2015, uliona mwezi wa kufungua pweza walioletwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na alichopata mvuvi mmoja kwa siku kilikaribia maradufu. Shida yake ni moja na si ndogo: mwamba ukifungwa, anayeumia ni yule mama wa fimbo aliyekuwa akipita pale kila maji yakikupwa, ukifunguliwa, wenye nguvu na boti huwahi kabla yake. Fedha yenu inaweza kumshika mkono mama huyo kwa miezi ya kufunga, na sheria ya kijiji inaweza kumpa yeye siku ya kwanza ya kufungua. Bila hayo mawili msishiriki.

Na kama pale wanatumia madema, ile mitego ya kusukwa inayozamishwa majini, kuna jambo dogo lililofanyiwa majaribio pwani ya Kenya: kuacha mwanya mwembamba wa wima pembeni mwa dema ili samaki wachanga na wale wembamba wasio na soko watoke. Watafiti walikuta samaki wanaobaki ni wakubwa zaidi na kipato cha mvuvi kinapanda. Gharama yake ni chuma kidogo na fundi wa madema aliyekubali. Kumshawishi fundi huyo kutawachukua muda mrefu kuliko kununua chuma, kwa kuwa unamwambia atoboe kitu ambacho maisha yake yote amekisuka kisitoboke.

Pengine baada ya yote haya wenzako watang'ang'ania boti, na pengine, mkishawasikiliza wanakijiji, boti itakuwa ndiyo haja yao ya kweli. Basi iandikishwe kwa majina ya watu wanaojulikana, sita au saba waliochaguana wenyewe, na isiandikwe kwa jina la kijiji. Leseni ya chombo na ya uvuvi zilipwe kabla ya kukabidhi, na matundu ya nyavu yapimwe kwa sheria ya nchi. Msije mkawapa watu maskini nyavu za kuwafungia jela. Mashine iwe ya aina ambayo fundi wa karibu anaifungua na spea zake zinauzwa mahali wanapofika kwa siku moja. Fungu la mashine liwekwe akiba kuanzia safari ya kwanza, kwenye akaunti yenye saini zaidi ya moja, kwa sababu mashine ya boti inakufa, na hiyo ndiyo siku mradi utajulikana kama ulikuwa mradi. Sehemu ya fungu la boti iende kwa zile kaya 24, kwa mkataba ulioandikwa na kusomwa kwa sauti.

Na nunueni majaketi ya kujiokolea, moja kwa kila mtu anayepanda, pamoja na makasia ya akiba, tochi na mfuko wa kuzuia simu isiloe. Taasisi ya FISH Safety ilikadiria mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu 100,000 hufa kila mwaka katika shughuli za uvuvi duniani. Mkimpa mtu mashine ya kumfikisha mbali, hivyo vingine si vya hiari.

Kwa sasa chukueni sehemu ndogo ya mlichonacho, tumeni watu wawili wakakae kijijini kipindi chote cha bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na cha maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mmoja wao awe mwanamke, wasiahidi chochote. Wakae kwenye mnada waone nani anataja bei. Wakae na wanaokaanga. Wamtembelee na tajiri pia, wanywe chai yake, wamsikilize. Mtashangaa anavyojua nani ana shida gani. Wakirudi niandikie walichokuta.

Kuhusu jina la kikundi ubavuni, wavuvi hupenda kuipa boti jina wenyewe. Lenu liandikeni kwenye makasha ya barafu, tena kwa rangi isiyofutika kwa chumvi. Litazunguka masoko mengi kuliko boti.